Maswali Yenu: Picha za Ubongo Zimepigwa, Faili Ziko Wapi?

Barua za awamu hii zimetoka Dodoma mjini, Singida, Kondoa na Mpwapwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mshiriki wa utafiti ameingia kwenye mashine ya MRI, ameshuka, amerudi nyumbani kwake, na sasa faili za picha za ubongo wake hazionekani au hazieleweki.

Swali: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na utafiti wetu unahusu watu wenye kifafa. Tumepiga picha washiriki 12 kwa siku tatu. Tumepewa diski yenye folda za majina kama S0000003, na ndani yake faili kama IM000127 zisizo na mkia wowote, yaani yale maandishi ya baada ya nukta kama .jpg. Kompyuta inasema haijui izifungue kwa programu gani. Halafu mshiriki wetu wa tisa alipigwa saa 8:05 mchana. Nimetafuta faili za 08:05 nikazipata, lakini mwenzangu anasema si za mtu huyo. Nani yuko sahihi? *Msomaji wa Chimwaga, Dodoma*

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na amekuokoa.

Tuanze na saa. Mashine ya MRI huandika muda kwa mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane. Saa 8:05 mchana ya kwetu, mashine inaiandika 140500. Ile 080500 uliyoikuta ni saa 2:05 asubuhi, yaani ubongo wa mtu mwingine aliyepigwa kabla ya chai. Kosa hili tunaliogopa kuliko yote kwa sababu halina dalili. Picha zinafunguka vizuri, hesabu ya faili inakubali, na uchambuzi unaendelea hadi mwisho, ila mtu siye. Kwa kazi yoyote ya mchana, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, chukua saa ya Kiswahili uongeze 6: saa 2 inakuwa 08, saa 8 inakuwa 14, saa 10 inakuwa 16. Kuanzia sasa fomu zenu ziandikwe 14:05 moja kwa moja. Zile ambazo zimeshajazwa msizifute. Andikeni saa ya mashine pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, na aliyeandika aweke saini.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ndani ya faili huandikwa mwaka, mwezi, siku bila nafasi, hivyo 20250304 ni tarehe 4 Machi 2025. Na ile tarehe ambayo Windows inakuonyesha pembeni ya jina la faili mara nyingi ni ya siku diski ilipochomwa au faili iliponakiliwa. Msitafute mshiriki kwa tarehe hiyo.

Pia hakikini saa ya mashine yenyewe. Mkiona muda wa faili uko nyuma ya fomu kwa saa 3 kamili na dakika zinalingana, basi kompyuta ile imewekwa kwenye saa ya dunia, UTC, badala ya saa ya Afrika Mashariki. Tofauti ikiwa ya dakika chache zisizo na mpangilio, saa imeteleza. Kila asubuhi kabla ya mshiriki wa kwanza, linganisheni saa ya mashine na ya simu, muandike tofauti kwenye daftari la kazi. Ni jambo la nusu dakika.

Sasa majina. IM000127 si kosa la mtu. Picha za hospitali hutunzwa kwa muundo uitwao DICOM, na kanuni zake za kuandika kwenye diski zinataka kila jina la folda au faili lisizidi herufi 8, liwe la herufi kubwa, tarakimu na kistari cha chini tu, bila mkia. Ile 127 haina maana kwamba ni kipande cha 127 cha ubongo. Jina la faili ya DICOM halikuambii kitu. Habari zote ziko kichwani mwa faili, yaani sehemu ya mwanzo inayobeba maelezo ya picha, na huko ndiko pa kutafutia.

Utajuaje kwamba faili isiyo na mkia ni ya DICOM kweli? Baiti 128 za mwanzo huachwa kwa matumizi mengine, kwa kawaida ni sifuri tupu, na baada yake huja herufi nne: DICM. Kwenye Linux amri ya `file IM000127` itakuambia papo hapo. Kwenye Windows usibofye faili moja moja. Sakinisha programu ya bure ya kusomea picha hizi kama Weasis au MicroDicom, kisha uifungulie folda nzima, nayo itapanga kila kitu kwa mshiriki na kwa mfululizo, yaani kundi la picha za kipimo kimoja. Ukichagua picha yoyote na kuomba maelezo ya kichwa, utaona lebo za namba namba. Hizi sita zinatosha kumtambua mtu na kipimo chake:

(0010,0020) KIF-009
(0008,0020) 20250304
(0008,0031) 141122
(0020,0011) 4
(0008,103E) t1_mprage_sag
(0020,0013) 127

Soma kutoka juu: namba ya mshiriki, tarehe ya uchunguzi, muda mfululizo huu ulipoanza, yaani saa 8:11 mchana na sekunde 22, namba ya mfululizo, hapa wa nne, jina alilolipa mtaalamu wa mionzi, na mwisho namba ya picha ndani ya mfululizo huo. Hii ya mwisho ndiyo namba ya kuamini, hata kama faili yenyewe inaitwa IM000003.

Kuna lebo ya saba inayofaa kujulikana, (0020,000D). Ina namba ndefu yenye nukta nyingi, na faili zote za uchunguzi mmoja hubeba namba hiyo hiyo. Mshiriki akiomba kutoka katikati ya kipimo akaenda msalani, na mtaalamu akamsajili upya aliporudi, mashine humpa namba nyingine. Mtu mmoja anakuwa na chunguzi mbili za siku moja. Anayenakili huchukua ya kwanza akaondoka, na nusu ya vipimo ikabaki nyuma. Mshiriki akionekana "nusu", tafuteni uchunguzi wake wa pili kabla ya kumwita arudi kupigwa tena.

Ukiwa na faili maelfu, usizipange kwa mkono. Programu ya bure dcm2niix inaweza kuzipa majina mapya kwa kusoma vichwa vyake, bila kuzigeuza:

`dcm2niix -r y -f %i/%s_%p/%r.dcm -o mpangilio diski`

Hapo %i ni namba ya mshiriki, %s ni namba ya mfululizo, %p ni jina la protokali, yaani mpango wa kipimo, na %r ni namba ya picha. "diski" ni folda uliyonakilia na "mpangilio" ni folda tupu uliyoitengeneza mapema. Angalizo moja: programu hii, isipoelekezwa vingine, huchimba folda ndani ya folda mpaka ngazi ya 5 tu. Faili zikiwa chini zaidi haitaziona, nawe utadhani hazipo. Ongeza `-d 9`.

Swali: Habari za kazi. Nimepewa CD ya mshiriki. Nikanakili faili kubwa ya kwanza niliyoiona, inaitwa DICOMDIR, nikaituma Dodoma. Wamenijibu kwamba nimetuma karatasi tupu. Nimekosea wapi? *Muuguzi wa utafiti, Singida*

Jibu: DICOMDIR ni yaliyomo, kama ukurasa wa mwanzo wa kitabu unaosema sura ya nne iko wapi. Yenyewe haina picha hata moja. Ndani yake kuna orodha ya washiriki, mifululizo na njia za kufikia faili, na njia hizo zinategemea folda za kwenye CD hiyo hiyo zikae vilevile zilivyo. Ukiihamisha peke yake, inaelekeza pasipo na kitu. Nakili CD yote kama ilivyo, folda kwa folda, pamoja na DICOMDIR, bila kubadili jina lolote. Ile programu ya kutazamia inayochomwa pamoja na picha unaweza kuiacha. Dada, CD usiitupe kabla Dodoma hawajathibitisha kwamba wamehesabu na wamekuta zimetimia.

Swali: Sisi tuna kompyuta yetu ya kupokelea picha moja kwa moja kutoka kwenye mashine, tumeweka programu ya Orthanc. Wiki mbili zilikwenda vizuri. Tangu juzi umeme ulipokatika hakuna kinachofika, na mtaalamu wa mionzi anasema upande wake ametuma. Nimeingia hata kwenye folda ya Orthanc kutafuta kwa jina la mshiriki, nikakuta herufi na tarakimu tu zisizoeleweka. *Mtunza takwimu, Kisasa, Dodoma*

Jibu: Kwanza toka kwenye folda hiyo usiguse kitu. Orthanc hutunza faili kwa majina yake ya ndani ya tarakimu na herufi, na orodha ya nani ni nani iko kwenye hifadhidata yake. Ukihamisha faili moja kwa mkono umeitenganisha na orodha. Tafuta kupitia ukurasa wake kwenye kivinjari, mlango (port) wa 8042, na upakue kutoka hapo.

Kuhusu kutofika, mfuate mshiriki njia nzima. Mashine inapokea mawimbi, kompyuta yake ya kuundia picha inayageuza kuwa picha, na picha hukaa kwenye kompyuta ya chumba cha kuendeshea. Kutoka hapo nakala moja hutumwa PACS, hifadhi kuu ya picha ya hospitali, na nyingine kwenu. Kila hatua inaweza kukwama peke yake.

Kwa kuwa tatizo limeanza na umeme, tunashuku anwani ya IP, ile namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, kabla ya chochote. Mashine ya MRI huandikiwa mambo matatu kuhusu kompyuta yenu: anwani ya IP, namba ya mlango, na jina la kituo linaloitwa AE Title. Ruta ilipozimika na kuwaka, huenda imeigawia kompyuta yenu anwani mpya, na mashine bado inatuma kwenye ile ya zamani. Kwenye dirisha la amri la Windows andika `ipconfig` uione anwani ya sasa, uilinganishe na iliyoko kwenye mashine. Dawa ya kudumu ni kumwomba mtu wa mtandao awape anwani isiyobadilika. Usibadilishe upande wa mashine kila umeme unapokatika.

Anwani ikiwa ileile, angalia mlango. Orthanc hupokea picha kupitia 4242 isipobadilishwa, wakati vituo vingi vya hospitali hutumia 104. Anayetuma 104 kwa anayesikiliza 4242 hatajibiwa. AE Title haizidi herufi 16 na inatofautisha herufi kubwa na ndogo: UTAFITI na Utafiti ni vituo viwili. Baada ya hapo ukuta wa ulinzi wa Windows, ambao huweza kuuzuia mlango huo baada ya masasisho, na mwisho kompyuta kulala yenyewe baada ya dakika 30, jambo la kuzimwa kabisa kwenye kompyuta ya kupokelea. Mtaalamu wa mionzi ana kitufe cha kujaribu mawasiliano kwenye mashine, amri iitwayo C-ECHO. Isipojibu, kutuma picha ni kupoteza muda.

Mwulizeni pia kwa upole kama aliufunga uchunguzi. Mashine zilizopangwa kutuma zenyewe husubiri mfululizo ukamilike au uchunguzi ufungwe. Ukiachwa wazi, picha ziko palepale chumbani, salama, zinasubiri.

Usalama huo una mwisho, hata hivyo. Diski ya mashine si ghala. Ikijaa, chunguzi za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi, na kwenye hospitali yenye foleni ya wagonjwa inajaa upesi. Fuatilieni siku hiyohiyo, kabla mtaalamu aliyempiga mshiriki hajatoka zamu. Yeye bado anakumbuka nini kilirudiwa na kwa nini.

Na hata kama picha ziko PACS, ombeni zitumwe kwenu kutoka kwenye mashine ikiwezekana. Baadhi ya mifumo ya PACS hubana picha au kuacha lebo binafsi za mtengenezaji wa mashine. Daktari anayesoma ripoti hapungukiwi na kitu. Ninyi mnaopima njia za nyuzi za ubongo mnaweza kukosa thamani za b na mielekeo, yaani nguvu na pande za upimaji, na bila hizo mfululizo mzima wa difusheni, kipimo cha mwendo wa maji ndani ya ubongo, haufai.

Swali: Salaam. Tumepiga washiriki kwenye hospitali mbili, kipimo cha utendaji wa ubongo cha dakika 8. Kwa wa kwanza nimekuta faili 240, kwa wa pili faili 8,640, na mmoja ana faili 1 tu. Je, wawili kati yao nimepoteza picha? *Mwanafunzi, Makulu, Dodoma*

Jibu: Inawezekana kabisa hujapoteza kitu. Swali lako tumelipenda, kwa hiyo tupige hesabu pamoja.

Kipimo cha aina hii hupiga ubongo mzima tena na tena. Ikiwa kila ubongo mzima huchukua sekunde 2, dakika 8 ni sekunde 480, ambazo ni ubongo mzima mara 240. Ikiwa kila mara ubongo unakatwa vipande 36, basi vipande vyote ni 36 × 240, sawa na 8,640. Tayari namba zako mbili zimejieleza. Mashine moja imeandika kila kipande kwenye faili yake. Nyingine imekusanya vipande 36 vya kila mzunguko kwenye faili moja. Ile faili 1 ni ya DICOM iliyoboreshwa, ambayo hutia mfululizo mzima kwenye faili moja.

Fungua moja ya zile 240 utaona jambo zuri la kutazama: ukurasa mmoja wenye bongo ndogo ndogo 36, safu 6 kwa mistari 6, kama ukurasa wa stempu. Huanza na kipande cha chini, huishia na utosi, na hakuna kilichokosekana. Kipande chenye nukta 64 kwa 64 kikipangwa hivyo hutoa picha ya 384 kwa 384. Watu hufuta faili hizi wakidhani picha imeharibika. Usifute. dcm2niix huzikata na kuzipanga yenyewe.

Sasa pima kwa uzito. Kila nukta huchukua baiti 2. Kipande kimoja ni 64 × 64 × 2, baiti 8,192. Zidisha kwa 8,640 upate baiti 70,778,880, karibu MB 71, bila vichwa vya faili. Yule mwenye faili 1 akiwa na MB 71 na zaidi kidogo, yuko kamili. Akiwa na MB 40, mfululizo ulikatizwa au uhamisho ulikatika njiani. Vichwa huongeza uzito, hasa faili zikiwa nyingi, na wala havipunguzi. Ila faili iliyobanwa itakuwa nyepesi, kwa hiyo uliza kwanza kama imebanwa.

Picha ya umbo la ubongo nayo ina kipimo chake. Vipande 176 vya nukta 256 kwa 256 ni baiti 23,068,672, MB 23. Tengenezeni jedwali dogo la protokali yenu: mfululizo, idadi inayotarajiwa, uzito unaotarajiwa. Libandikeni ukutani karibu na kompyuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na faili ndizo mali ya utafiti.

Mkikuta 239 badala ya 240, msiseme ni moja tu. Angalieni namba za picha, lebo (0020,0013), mjue inayokosekana ni ipi. Ikiwa ni ya mwisho, huenda kipimo kilisimamishwa mapema. Ikiwa ni ya katikati, uhamisho ndio uliopoteza, na mashine bado inayo. Ombeni mfululizo huo utumwe upya wote.

Swali: Washirika wetu wa Ulaya wanataka "data mbichi". Tumewatumia DICOM zote, wanasema hizo siyo. Kuna nyingine? *Mtafiti, Dodoma*

Jibu: Neno hilo lina maana mbili. Kwa wachambuzi wengi data mbichi ni DICOM kabla ya kuchezewa. Kwa wanaounda picha wenyewe ni mawimbi yaliyopokelewa na koili, antena ya mashine, kabla hayajageuzwa kuwa picha. Kwenye mashine za Siemens hutolewa kama faili zenye mkia .dat, kwenye za GE hujulikana kama faili za P, jina likianza na P, tarakimu kadhaa, na mkia .7. Haziendi PACS. Hukaa kwa muda kwenye kompyuta ya kuundia picha, huwa kubwa mno, na huandikwa juu na vipimo vinavyofuata. Mshiriki wa wiki iliyopita pengine zake zimeshapotea kabisa, na DICOM haiwezi kurudishwa kuwa mawimbi hayo. Waulizeni washirika kwa maandishi wanataka mkia gani, kabla ya mshiriki anayefuata, na mtaalamu wa mashine aambiwe asubuhi ya siku hiyo ili azitoe kabla ya kumwita mgonjwa mwingine.

Swali: Kunakili kwenye diski ya nje kunakataa. Faili moja inagoma kabisa ingawa nafasi ipo, folda nyingine zinasema njia ni ndefu mno. Halafu mwenzangu mwenye Mac alipoitumia diski hiyo idadi ya faili ikawa mara mbili! *Kondoa*

Jibu: Ni mambo matatu tofauti. Faili inayogoma inazidi GB 4 na diski yako iko kwenye muundo wa FAT32, ambao haupokei faili ya GB 4 au zaidi hata diski ikiwa tupu. Hamisha yaliyomo kwanza, kisha iumbize upya kwa exFAT.

Njia ndefu inatokana na folda zilizopewa majina ya zile namba za nukta nukta, ambazo kila moja inaweza kufika herufi 64. Zikiwa tatu, moja ndani ya nyingine, pamoja na jina refu la folda yako ya juu, unavuka herufi 260 ambazo Windows kwa kawaida inazikubali. Nakili kwenye folda fupi, kwa mfano `D:\a`, badala ya ndani ya nyaraka za ndani ya nyaraka.

Zile zilizozidi ni vifaili vya Mac vinavyoanza na nukta na kistari cha chini, `._IM000127`. Vina KB chache, si picha. Visihesabiwe, na vinaweza kufutwa bila wasiwasi.

Kondoa na Dodoma yote kiangazi kina vumbi na jua kali. Diski yenye sahani ndani isikae kwenye dashibodi ya gari wala isisafiri bila mfuko uliofungwa. Baada ya kunakili, usilinganishe kwa macho. Toa alama ya SHA256 ya faili, msimbo unaohesabiwa kutokana na yaliyomo ndani yake, pande zote mbili. Kwenye Windows ni `certutil -hashfile jina SHA256`. Herufi zikilingana zote, nakala ni halisi. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili iliyokuwa inaandikwa inaweza kubaki na jina zuri na tumbo tupu.

Swali: Tuliambiwa tuondoe majina ya washiriki. Tumeondoa, sasa hatujui nani ni nani. Na je, kuondoa jina kunatosha? *Mpwapwa*

Jibu: Mmetanguliza la pili. Utambuzi kwanza: thibitisheni namba, tarehe, saa na idadi dhidi ya fomu, ndipo muondoe. Kama DICOM za awali bado ziko hospitali, chukueni nakala mpya. Kama hazipo, jaribuni kulinganisha (0020,000D) na muda wa mfululizo na daftari la mashine, ikiwa programu mliyotumia haikuzibadilisha.

Tena, msisajili mshiriki kwa jina kuanzia mwanzo. Msajilini kwa namba ya utafiti, yenye urefu uleule daima: KIF-009, si KIF9 wala KIF 009. Nafasi moja tu inamfanya mtu awe watu wawili kwenye hifadhi. Waliokwisha kusajiliwa kwa majina, kumbukeni mashine huweka jina la ukoo mbele, na kwetu wenye majina matatu kila karani huchagua lake. Watafuteni PACS kwa nyota pande zote mbili, `*NEEMA*`, kisha mhakiki kwa tarehe ya kuzaliwa.

Jina pekee halitoshi. Tarehe ya kuzaliwa, jina la hospitali na la daktari navyo vimo kichwani mwa faili. Baadhi ya picha za ripoti zina jina lililochorwa ndani ya picha yenyewe, ambalo kufuta lebo hakuligusi. Na picha ya umbo la ubongo ina uso: pua, midomo na masikio vinaweza kuundwa upya mpaka jirani akamtambua mtu. Programu kama pydeface hufuta uso na kuacha ubongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa hizi, na kuzipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali cha maadili na makubaliano ya kuhamisha taarifa. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kompyuta nyingine, imefungwa kwa nywila, isisafiri kwenye flashi moja na picha.

Swali: Nimefuta kwa bahati mbaya flashi yenye washiriki watatu. Nifanyeje? Haraka tafadhali. *Nkuhungu, Dodoma*

Jibu: Kaka, ichomoe sasa hivi na usiandike chochote juu yake, hata faili moja. Uliza hospitali kwanza, picha zinaweza kuwa bado kwenye mashine au PACS, na hiyo ndiyo njia safi. Zisipokuwepo, tumia PhotoRec, programu ya bure inayotambua DICOM. Ielekeze ihifadhi inachookoa kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi ileile. Zitarudi zikiwa na majina ya ovyo na zimechanganyika, washiriki wote watatu pamoja. Usikate tamaa kwa kuona hivyo: kila moja bado ina kichwa chake. Zipitishe kwenye ile amri ya `-r y` tuliyompa msomaji wa Chimwaga, zitajipanga kwa mshiriki na kwa mfululizo. Kisha zihesabu moja moja kwa jedwali la protokali, kwa sababu kilichookolewa mara nyingi huwa na mapengo, na mfululizo wenye pengo uandikwe hivyo kwenye daftari kabla haujaingia kwenye uchambuzi.